Programu huria za kuhariri njia za GPS: nilizozipima Tabora na ile ninayoanza nayo

Kiangazi kilichopita nilikaa chini ya mwembe na mzee mmoja mfugaji nyuki wa wilayani Sikonge, kompyuta mpakato ikiwa magotini mwangu, tukiitazama njia ambayo kijana wake alikuwa ameirekodi kwa simu kutoka barabara kuu hadi kwenye mizinga yao ndani ya msitu wa miombo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeisafisha njia hiyo. Nilikuwa nimepunguza nukta zake kutoka maelfu hadi mia moja na ushei, na mstari uliobaki ulikuwa umenyooka vizuri machoni pangu. Mzee aliufuata kwa kidole juu ya skrini bila kusema neno, kisha kidole kikasimama. "Hapa mmekata, mwanangu," alisema. "Sisi hapa hatupiti. Hii ni mbuga, masika inajaa maji mpaka kifuani. Tunazunguka huku, kwenye ule mninga, ndipo tunarudi." Nilifungua faili ya awali mbele yake, na mzunguko ulikuwamo wote, nukta kwa nukta. Simu ilikuwa imeandika ukweli. Mimi ndiye niliyeufuta kwa kuiruhusu programu ivumilie kosa kubwa kuliko mzunguko wenyewe.

Tangu siku hiyo ninazipima programu za kazi hii kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, inaniambia kitakachofutwa kabla hakijafutwa, na je, nikikosea ninaweza kukirudisha? Barua iliyofutwa kwa bahati mbaya huandikwa upya, lakini njia ya porini ikipotea hurudishwa kwa siku nzima ya kutembea, na pengine msimu umeshabadilika na njia yenyewe haipitiki tena. Ukubwa wa programu, urahisi wa menyu na uzuri wa ramani ni mambo ninayoyajali pia, kwa kuwa kikundi cha wafugaji nyuki ninachokisaidia kina kompyuta mbili zilizotumika na bando tunalolinunua kwa kuhesabu, lakini yote hayo huja baada ya swali hilo.

Nimejifunga kwenye programu huria kwa sababu ambayo kwetu ni ya kila siku. Programu huria mtu huipata bila malipo, huinakili kwenye flashi akampa jirani bila kuvunja sheria, na mwenye ujuzi anaweza kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Niliwahi kutumia huduma moja ya kulipia ya kuhifadhi njia mtandaoni. Siku malipo yalipokwisha nilibaki naziona njia zangu mwenyewe kwenye skrini bila uwezo wa kuzipakua zote. Faili za mizinga ya watu haziwezi kukaa mahali pa namna hiyo.

Kabla ya kuzungumzia programu ni vyema kuutazama mzigo wenyewe. Simu zetu hurekodi kwa OsmAnd au OpenTracks, ambazo nazo ni huria, na mwisho wa siku hutoa faili ya GPX, muundo ambao toleo lake la 1.1 limekuwa likitumika tangu mwaka 2004. Faili hiyo ni maandishi matupu. Ukiifungua kwa programu yoyote ya kuandikia utakuta mistari ya aina hii, mmoja baada ya mwingine:

<trkpt lat="-5.62814" lon="32.76407"><ele>1187</ele><time>04:12:31Z</time></trkpt>

Hapo nimeiondoa tarehe, ambayo katika faili halisi hutangulia saa. Latitudo ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta, na tarakimu ya tano baada ya nukta ya desimali ni takribani mita moja juu ya ardhi. Saa ndiyo huwachanganya wengi. Herufi Z inasema kwamba huu ni wakati wa dunia, ulio nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo 04:12 ni 07:12 ya kwenye simu, nasi tunaisoma saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Kijana anayejifunza kazi hii lazima azoee kubeba hesabu hizo tatu kichwani, la sivyo ataikata njia mahali pasipo.

Simu ikirekodi nukta moja kila sekunde, mwendo wa saa sita huzaa nukta 21,600. Nyingi kati yake hazina faida. Mrina asali akisimama saa nzima chini ya mti wa mtundu akishusha mzinga, simu mfukoni mwake huendelea kuandika, na kwa kuwa matawi huyumbisha mawimbi ya setilaiti, nukta hizo hujikusanya kama bumba la nyuki na kuongeza umbali ambao hakuna mguu ulioutembea. Kuna pia nukta inayoruka ghafla mita mia nne upande na kurudi papo hapo. Kuna nukta zinazojirudia, na kuna njia moja iliyokatika vipande viwili kwa sababu betri iliisha na simu ikawashwa tena kwa betri ya akiba. Kuhariri ni kuyaondoa hayo bila kuigusa kona ya mninga.

Programu ninayoanza nayo, na ninayomfundisha mtu mpya, ni GPSPrune. Imeandikwa kwa lugha ya Java, ina leseni huria ya GPL, na huja kama faili moja ya MB chache ambayo huhitaji hata kuisakinisha: ukishakuwa na Java kwenye kompyuta, unaibofya mara mbili nayo inafunguka, iwe ni Windows au Linux. Java yenyewe ni makumi ya MB, na huo ndio mzigo wa kweli kwa mwenye bando dogo, ila huchukuliwa mara moja tu na kusambazwa kwa flashi. Dirisha lake ni la kizamani kidogo, ramani katikati, maelezo ya nukta iliyochaguliwa upande mmoja, na mchoro wa mwinuko chini. Ramani za nyuma hutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kupitia intaneti, lakini ukiwa huna mtandao njia huonekana vilevile juu ya karatasi tupu, na kwa kazi ya kusafisha nukta hilo linatosha.

Uzuri wake uko kwenye kupunguza nukta. Ukiichagua kazi hiyo hufunguka dirisha lenye mbinu kadhaa, kila moja na kisanduku chake cha kuweka alama: kuondoa nukta zinazojirudia, kuondoa zilizokaribiana mno, kuondoa zile zilizoruka mbali na wenzake, kuondoa zilizobaki peke yake, na mwisho mbinu ya Douglas na Peucker. Kila ukibadilisha kigezo, idadi ya nukta zitakazoondoka hubadilika papo hapo mbele yako. Ukikubali, programu bado haifuti. Huziwekea nukta hizo alama kwanza, kisha hukuuliza kama uzifute. Na hata ukishafuta, kuna orodha ya kila ulichofanya tangu ulipofungua faili, nawe unaweza kurudi nyuma hatua moja au hatua kumi. Sijaona namna bora ya kumfundisha mtu asiogope: nawaambia vijana wafute nusu ya njia kwa makusudi, waone mstari ulivyoharibika, kisha wairudishe.

Mbinu hiyo ya Douglas na Peucker inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyonila siku ile na ndiyo iliyomo katika karibu kila programu ya aina hii. David Douglas na Thomas Peucker waliichapisha mwaka 1973, na Urs Ramer alikuwa ameandika wazo kama hilo mwaka mmoja kabla. Chukua kamba uivute kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Tafuta nukta iliyo mbali zaidi na kamba hiyo. Ikiwa umbali wake ni mdogo kuliko kiwango ulichokubali kuvumilia, nukta zote za katikati hutupwa na kamba hubaki imenyooka. Ikiwa ni mkubwa, nukta hiyo huwekewa kigingi, kamba hupindwa pale, na kazi huanza upya kwa kila upande. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye kiwango hicho cha kuvumilia. Ukisema mita tano, kona ya mninga inabaki. Ukisema mita sitini, mbuga inakatwa katikati, na msafiri wa masika anaelekezwa majini.

Hapa ndipo GPSPrune inapohitaji uangalifu. Kigezo chake hakiandikwi kwa mita; ni uwiano na ukubwa wa njia nzima. Namba ileile inayofaa kwa njia ya kilomita tatu kuzunguka kijiji huwa ni kali kupita kiasi kwa safari ya kilomita arobaini, kwa kuwa kiwango cha kuvumilia hukua pamoja na eneo lililofunikwa. Dawa yake ni kuitazama hesabu ya nukta zitakazoondoka, kubadilisha kigezo taratibu, na baada ya kila jaribio kukuza ramani mahali unapojua pana kona. Mtu anayetaka kusema "mita tano" moja kwa moja ataridhika zaidi na programu nyingine nitakazozitaja. Jambo la pili ni kwamba mbinu hii haitazami saa. Mahali ambapo warina asali walisimama saa nzima huweza kufutika kabisa kama pako kwenye mstari ulionyooka, hivyo anayetaka kujua watu walikaa wapi na kwa muda gani aweke kwanza alama za vituo, ndipo apunguze.

GPSPrune pia huoanisha picha na njia kwa kutumia saa. Kila mzinga wa kikundi una namba iliyopakwa rangi, na kijana huupiga picha akifika. Baadaye programu hulinganisha wakati wa picha na wakati wa nukta, na kila picha hukaa mahali pake kwenye ramani. Kamera yenye saa isiyo sahihi husahihishwa kwa kutaja tofauti, na tofauti ya saa tatu niliyoieleza hapo juu ndiyo ya kwanza kuikagua picha zikionekana zote zimejazana mwanzo au mwisho wa njia. Kwa kikundi chetu kazi hii peke yake ilitosha kuilipia programu, kama ingekuwa ya kulipia.

Upungufu wake mkubwa, kwa mazingira yetu, ni kwamba kumbukumbu ya ulichofanya huishi muda wote dirisha likiwa wazi, na huondoka nalo. Ukifunga programu, au umeme ukikatika na betri ya kompyuta imeshachoka, kilichobaki ni kile ulichokihifadhi. Ninahifadhi faili mpya kila baada ya hatua kubwa, kwa jina lenye namba, na faili ya asili siiandiki juu yake kamwe.

Kwa njia ambazo zitatunzwa miaka na kurudiwa mara kwa mara ninaitumia QMapShack. Hii ni programu kubwa zaidi, iliyozaliwa kutokana na QLandkarte GT, na inachukua siku kadhaa kuizoea, kwa kuwa ramani, data za mwinuko na miradi yote ina madirisha yake na kila kimoja hutaka kuwekwa mahali pake kabla hakijafanya kazi. Mtu wa haraka atakata tamaa siku ya kwanza. Anayevumilia atakuta kitu ambacho sijakiona kikifanywa vizuri hivi mahali pengine: unapopunguza nukta, hazifutwi, zinafichwa. Unaandika kiwango cha kuvumilia kwa mita, nukta zisizohitajika zinaondoka machoni, na wakati wowote, hata wiki ijayo, unaweza kuzifichua zote na kuanza upya kwa kiwango kingine. Zaidi ya hayo, kila njia ina historia ya mabadiliko yake, na historia hiyo huhifadhiwa pamoja na mradi, hivyo kompyuta ikizimika na kuwashwa bado unaweza kurudi kwenye hali ya juzi. Laiti ningeijua kabla ya siku ile ya mwembe.

Lakini kufichwa si kufutwa, na hilo lina upande wake wa pili. Unapotoa faili kwa mtu mwingine, fanya nakala, kisha katika nakala hiyo tumia kichujio kinachoondoa kabisa nukta zilizofichwa. Programu nyingine haijui kwamba QMapShack ilikusudia nukta fulani zisionekane, na aliyepokea faili anaweza kuliona bumba lote la nyuki ulilodhani umelisafisha. Faida yake nyingine kwa watu wa porini ni ramani za nje ya mtandao: inasoma ramani za OpenStreetMap zilizotengenezwa kwa muundo wa vifaa vya GPS vya Garmin, unazipakua mara moja mjini Tabora mahali penye mtandao mzuri, na baada ya hapo hata ukiwa Ipole bila minara unaona barabara na mito chini ya njia yako.

GPSBabel ni ya aina tofauti. Ninavyoitumia mimi haikuonyeshi ramani, unaiandikia amri, nayo inatenda. Kazi yake ya asili ni kubadilisha faili kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, na kama una kifaa cha zamani cha GPS ambacho faili zake hakuna programu inayozisoma, jaribu GPSBabel kwanza. Lakini ina vichujio pia, na ninapokuwa na faili hamsini za msimu mzima zinazotaka kusafishwa kwa namna moja, siwezi kuzifungua moja moja. Amri ninayoitumia zaidi ni hii:

gpsbabel -i gpx -f asili.gpx -x simplify,error=0.005k -o gpx -F mpya.gpx

Inasoma faili ya asili, inapunguza nukta kwa kuvumilia kosa la kilomita 0.005, yaani mita tano, na inaandika faili mpya bila kuigusa ya kwanza. Itazame herufi k iliyo baada ya namba. Ukiisahau, programu huhesabu kwa maili, na mita tano zako zinakuwa mita nane. Kwa namba ndogo kama hiyo tofauti haionekani; kwa namba kubwa inakula kona. Kuna kichujio kingine kinachounganisha rekodi za asubuhi na jioni kuwa njia moja kwa kufuata saa za nukta, na kingine kinachotupa nukta ambazo kifaa chenyewe kilikiri kuwa hazikuwa na usahihi wa kutosha, mradi kifaa kiliandika kipimo hicho kwenye faili. Kwa swali langu la msingi GPSBabel haifaulu, kwani haikuonyeshi chochote na haina kurudi nyuma. Inafaa mikononi mwa mtu ambaye tayari amekipima kigezo chake kwa macho kwenye GPSPrune au QMapShack, na ambaye faili zake za asili ziko salama. Tena, data yote hupitia muundo wake wa ndani, kwa hiyo mambo ya ziada ambayo programu nyingine zilikuwa zimeyaandika ndani ya GPX yanaweza yasitokee upande wa pili.

Viking niliipenda kwa jambo moja mahususi, nayo ni kusahihisha nukta moja moja. Unabofya nukta, dirisha dogo linafunguka likionyesha latitudo, longitudo, mwinuko na saa, na kwa vitufe vya mbele na nyuma unatembea juu ya njia hatua kwa hatua kama mtu anayefuata nyayo. Ukikuta nukta iliyoruka unaifuta, ukikuta mahali pa kukata unakata. Inaweza pia kuigawa njia yenyewe pale palipo na pengo la muda, na hivyo kutenganisha safari ya kwenda na ya kurudi ikiwa watu walipumzika katikati. Imeandikwa kwa lugha ya C na haielemei kompyuta ya zamani. Menyu zake ni ndefu na za kutafutwa, na ninapoitumia ninaifanyia kazi nakala peke yake.

QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, kila mtu wa ramani anaijua, na wengi huuliza kwa nini wasifanyie kila kitu humo. Ramani ya mwisho, ile tunayoichapisha na kuibandika ofisini, naitengenezea humo na sina mpango wa kuhama. Ila kwa kuhariri rekodi, kumbuka kwamba QGIS huifungua GPX kama matabaka tofauti: njia kama mstari, na nukta za njia kama nukta. Ukiupunguza mstari, saa za nukta haziko ndani yake, na faili unayoitoa haitakuambia tena nani alifika wapi saa ngapi. Safisha kwanza kwingine, halafu ilete QGIS. Kuna pia gpx.studio, iliyo huria nayo, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari na inapendeza kwa mtu mwenye mtandao wa uhakika; sisi ramani zake zinatula bando.

Kuhusu mwinuko nitasema machache, kwa sababu Tabora ni tambarare iliyo kwenye takribani mita 1,200 na wafugaji nyuki hawaniulizi milima. Mwinuko unaoandikwa na simu hupanda na kushuka wakati mtu yuko mahali pamoja, na programu zikijumlisha mipando hiyo yote hutoa mlima ambao haupo. GPSPrune na Viking zinaweza kubadilisha mwinuko huo kwa data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku kumi na moja mwezi Februari mwaka 2000. Data hizo zimegawanywa kwa vipande vya digrii moja kwa moja, kila kimoja kikiitwa kwa latitudo na longitudo ya kona yake ya kusini-magharibi, na kipande cha vipimo vya sekunde tatu hakifiki MB 3 kikiwa kimefunguliwa. Mji wetu umekaa karibu kabisa na latitudo ya 5 kusini, kwa hiyo anayesafiri kutoka Tabora kwenda Nzega huvuka kutoka S06E032 kuingia S05E032, kisha S05E033 ilimo Nzega yenyewe, na anapaswa kuwa na vyote vitatu. Kwa wenzetu wa Kigoma, ambako milima inashuka ziwani ghafla, jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwetu.

Wenzetu hao wana jambo jingine ambalo sisi tumeepushwa nalo. Mji wa Kigoma uko magharibi ya longitudo 30, na Kasulu na Uvinza ziko mashariki yake, na longitudo hiyo ndiyo mpaka wa kanda mbili za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda ili mahali papimwe kwa mita, yaani kanda ya 35 na ya 36. Ndani ya GPX hakuna tatizo, kwani huko kila kitu ni digrii. Tatizo huja siku ya kupima umbali kwa mita ndani ya QGIS, pale njia moja inapovuka kanda. Tabora yote iko kanda ya 36. Na kwa wote, Tabora na Kigoma, ikiwa njia yako imesafishwa vizuri lakini ukiiweka juu ya ramani ya zamani ya karatasi iliyoskaniwa inaonekana imesogea mita mia tatu hivi, usianze kuihariri. Ramani hizo zilitumia vipimo vya Arc 1960 na GPS hutumia WGS 84. Njia iko sawa. Iambie programu ramani ni ya mfumo gani. Nimeona mtu akiisogeza kwa mkono kila nukta ya njia nzuri ili ilingane na ramani hiyo, kazi ya siku mbili iliyoharibu rekodi ambayo haikuwa na kosa.

Kwa hiyo kwenye kompyuta zetu mbili mpangilio ni huu. GPSPrune iko kwenye zote, na kila anayeleta rekodi huisafisha mwenyewe akiwa bado anakumbuka alipopita. QMapShack iko kwenye ile yenye nguvu zaidi, nayo hutunza njia kuu za kila kijiji pamoja na historia yake. GPSBabel naitumia mimi mwisho wa msimu. Folda ya faili za asili imefungwa isiandikwe, na nakala yake iko kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa katibu wa kikundi.

Njia ikishasafishwa, hairuhusiwi kutoka kabla mtu aliyeitembea hajaitazama. Nilirudi kwa yule mzee na njia mpya, safari hii kwa kuvumilia mita tano. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kigoda akaketi. Aliufuata mstari tena kwa kidole, taratibu kama mara ya kwanza, akazunguka mbuga, akapita kwenye mninga, akaendelea hadi kwenye mizinga. Halafu akaniomba jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kabla sijampa mtu wa nje faili hiyo, nikate kipande cha mwisho kinachofika kwenye miti yenyewe, kwa sababu mizinga huibwa. Katika GPSPrune hiyo ni kazi ya dakika moja. Unachagua nukta ya mwanzo na ya mwisho ya kipande, unakifuta, na unapotoa GPX unaondoa alama kwenye kisanduku cha saa ili asijulikane nani alikuwa porini lini. Faili ya namna hiyo, iliyokatwa mita mia tano kabla ya mzinga wa kwanza, ndiyo tunayoituma sasa kwa wanunuzi wanaotaka kujua barabara ya kuja kuchukua asali.